Lenzi Inayolainisha Picha si Lenzi Mbovu

Funga lenzi ya Velvet 56 kwenye kamera, fungua tundu lake hadi f/1.6, kisha piga picha ya uso wa mtu. Wengi wakiiona picha hiyo watadhani kioo kimeshikwa na vidole vyenye mafuta. Macho yapo na kope zinatambulika, lakini juu yake umetanda mwanga unaovuja kutoka kwenye paji la uso, hereni na kola nyeupe ya shati. Lenzi hiyo, ya kampuni ya Lensbaby ya Portland, Marekani, haina hitilafu. Imeundwa makusudi ibaki na kasoro ambayo mafundi wa lenzi wamehangaika nayo kwa miaka mingi ili waiondoe. Msimamo wangu ni kwamba kasoro hiyo ina kazi, na kazi hiyo programu ya simu bado haijaiweza.

Kasoro yenyewe ni hii: kioo cha lenzi kilichonolewa kwa mviringo wa kawaida hakiwezi kukusanya miale yote mahali pamoja. Ile inayopita karibu na katikati hukutana sehemu moja; ile ya pembezoni hupinda zaidi na kukutana mapema. Kwa hiyo sensa hupokea picha mbili kwa mpigo: moja iliyo wazi, na nyingine ya utando wa mwanga iliyolala juu yake kama shela. Hapo ndipo ulaini huu unapotofautiana na picha iliyokosewa fokasi, ambayo haina hata ile ya kwanza. Ukilipunguza tundu hadi f/5.6 au f/8, miale ya pembezoni huzibwa na picha hukaza. Pete ya tundu, ambayo kwenye lenzi nyingine ni ya kupima mwanga na kina cha fokasi, hapa inapima pia ulaini. Fokasi ni ya mkono, na lenzi haiwasiliani na kamera kwa umeme. Mwenye haraka atachoka nayo.

Picha laini si jambo geni. Julia Margaret Cameron, Mwingereza aliyezaliwa Calcutta, alipewa kamera mwaka 1863 akiwa na miaka 48, na wahakiki wa enzi zake walimkejeli kwa picha zisizo kali. Leo picha hizo zimo katika makumbusho makubwa ya Uingereza na Marekani. Mwaka 1866 mtengeneza lenzi Dallmeyer wa London alitoa lenzi ya picha za watu ambayo mpigapicha aliweza kuizungusha akaongeza ulaini kwa kadiri anayotaka. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Rodenstock ya Ujerumani ikauza lenzi ya Imagon, iliyobuniwa kwa ushirikiano na mpigapicha Heinrich Kühn. Ilikuja na visahani vyenye tundu kubwa katikati na vijitundu pembeni, na kwa visahani hivyo ulichagua ni miale mingapi ya pembezoni ipite. Upinzani nao haukukosekana. Mwaka 1932 wapigapicha Ansel Adams, Edward Weston na wenzao huko California waliunda kundi la f/64, jina la tundu dogo linaloikaza picha nzima. Walikuwa na haki ya kuchoshwa na ukungu uliokuwa umegeuka mazoea, maana Weston mwenyewe alianza na picha hizo hizo laini. Lakini kuchoshwa na mazoea hakuthibitishi kwamba chombo ni kibovu.

Pingamizi zito zaidi ni la leo: kwa nini ununue lenzi wakati kompyuta inalainisha picha kwa sekunde chache? Jibu limo kwenye mwanga wenyewe. Taa inayong'aa zaidi kuliko shati jeupe humwaga mwanga mwingi zaidi ikipita kwenye lenzi hii. Kwenye faili, taa na shati vyote huweza kuwa vimefika kikomo cha weupe, na programu haina tena namna ya kujua kipi kiliwaka zaidi; inakisia. Ile hali ya urembo kwenye simu zetu ndiyo mbaya kabisa, kwa sababu hufuta vinyweleo na mikunjo na kubakiza ngozi ya plastiki. Lenzi haifuti, inaongeza mwanga juu ya kilichopo, na mikunjo bado ipo ukiitafuta.

Wapo watakaosema kwamba hata kulainisha kwa lenzi ni kuficha ukweli. Kwa picha ya pasipoti, ya habari au ya ushahidi, nakubaliana nao bila ubishi. Picha ya bibi harusi ni habari nyingine, kwani hakuna anayeitazama ili ahesabu chunusi.

Bei ndiyo kikwazo, na sishauri mtu aanze kwa kununua. Tafuta filta kuukuu ya kioo, ifunge mbele ya lenzi uliyonayo, paka Vaseline nyembamba pembezoni na uache katikati pakavu. Usiipake kamwe kwenye kioo cha lenzi yenyewe.