Moshi Ndani ya Gari la Mtumba

Kijiji cha Mkwiro, mashariki ya kisiwa cha Wasini katika Pwani ya Kusini ya Kenya, hakina gari hata moja. Mwenye haja Ukunda, Msambweni au Mombasa hushuka pwani, hupanda boti, huvuka hadi Shimoni, na hapo ndipo anapokutana na injini ya barabarani. Mtu wa Mkwiro hachagui gari. Hupanda lililopo, awe ni mvuvi anayewahisha samaki, mwanafunzi anayerudi shule au mama mjamzito anayekwenda hospitali ya rufaa ya Msambweni. Na lililopo mara nyingi ni gari lililopita mikono mingi kabla ya kufika mwisho wa barabara itokayo Kanana hadi Shimoni.

Wapandao magari hayo wanaijua harufu ninayotaka kuizungumzia. Huanza gari likipanda mlima au likichukua mwendo, ikizidi viti vya nyuma. Watoto hutapika, watu wazima huumwa kichwa. Dereva husema ni mafuta tu, au ni joto, kisha hupulizia marashi. Abiria hushuka, hupata upepo wa bahari, na jambo linaishia hapo. Haliandikwi popote.

Harufu hiyo ni dalili kwamba gari limechakaa kwa namna ya hatari, na kwamba hatuna mtu aliyepewa kazi ya kuufuatilia uchakavu huo. Ndani ya moshi wa petroli mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Pua hunusa vitu vingine vinavyoandamana nayo. Gesi yenyewe hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, na damu ikabeba sumu mahali pa hewa. Kinachofuata ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na viungo kulegea. Kipimo kikizidi, mtu huzimia na hufa. Mtoto aliye tumboni huathirika zaidi ya mama yake, kwa sababu damu yake huishika gesi hiyo kwa nguvu zaidi.

Pwani ya Kusini dalili hizo zina jina lililo tayari: malaria. Anayefika zahanati akilalamika kichwa na kutapika atatobolewa kidole, apimwe vimelea, na asipokutwa navyo ataambiwa apumzike. Hata kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni kupima oksijeni hakisaidii hapa, kwani aina ya kawaida haiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu iliyoshikwa na kaboni monoksaidi. Itaonyesha namba nzuri kwa mtu anayedhurika. Mgonjwa akikaa saa nne au tano katika hewa safi, takriban nusu ya gesi huwa imemtoka. Anajisikia nafuu, na kesho anarudi kwenye gari lile lile.

Moshi unaingiaje? Ekzosi hutoka kwenye injini, hupita chini ya sakafu yote na kumwaga nyuma. Kila kiungo chake kina gasketi, kila gasketi ina umri wake. Kila lita ya petroli inayoungua huacha karibu lita nzima ya maji kama mvuke, na katika safari fupi bomba halipati joto la kutosha kuyakausha, hivyo silensa huoza kutoka ndani. Nje kuna chumvi ya bahari. Na magari mengine huja na kutu yake tangu Japani, kwenye mikoa ya theluji ambako barabara hunyunyiziwa chumvi majira ya baridi. Ongeza miaka ya mawe na mashimo barabarani, kila shimo likilipiga bomba kwa chini.

Lakini bomba kutoboka si hadithi nzima. Gari likienda, nyuma yake hewa hupungua nguvu na kuuvuta moshi urudi kwenye mlango wa buti. Mlango ukiwa na mipira mizima, moshi hubaki nje. Mipira ikiwa imekauka au imeng'oka, unaingia. Na ukifungwa kwa kamba ukiwa nusu wazi, kama tunavyofanya kila siku tukipakia madebe ya samaki na magunia, tumeufungulia njia kwa mikono yetu. Madirisha ya mbele yakiwa yamefungwa kwa sababu ya vumbi, hali huwa mbaya zaidi.

Wenzetu wa Marekani walikutana na jambo hili kwa magari ambayo hayakuwa makuukuu. Mnamo Julai 2016 shirika la serikali la usalama wa magari, NHTSA, lilianza kuchunguza malalamiko ya wamiliki wa Ford Explorer kwamba moshi wa ekzosi unaingia ndani. Uchunguzi ukapanuka hadi kufikia magari zaidi ya milioni 1.3 ya miaka ya 2011 hadi 2017. Polisi wa Austin, Texas, waliondoa karibu magari 400 barabarani Julai 2017. Oktoba mwaka huo kampuni ilijitolea kuyarekebisha bila malipo: kubadili programu ya kiyoyozi na kuziba mianya ya nyuma. Shauri lilifungwa Januari 2023 bila amri ya kuyarudisha magari kiwandani, baada ya malalamiko yapatayo 6,500 kupitiwa. Wachunguzi walisema magari waliyoyakuta na kiwango kikubwa cha gesi yalikuwa yametobolewa na waliofunga vifaa vya polisi bila kuziba vizuri, au yaliwahi kugongwa nyuma.

Hitimisho hilo linatuhusu sana. Gari la mtumba hapa kwetu huwa limetobolewa na kunyooshwa mara nyingi. Limegongwa nyuma likapigwa rangi. Limefungwa ndoano ya kuvutia boti, limepitishwa nyaya za taa na redio, na kama liliwahi kubeba watalii Diani, paa lake nalo huenda lilikatwa. Anayelinunua anaona rangi inang'aa. Mshono wa chuma chini ya zulia la buti haukaguliwi na mtu.

Kuna jambo jingine linalozungumzwa kwa minong'ono kwenye gereji. Chini ya gari la petroli kuna chombo cha kusafisha moshi, mafundi hukiita katalisti. Kikiwa kizima, kikishapata joto, huondoa zaidi ya asilimia 90 ya kaboni monoksaidi. Ndani yake mna platinamu, paladiamu na rodiamu, madini ya bei kubwa, na kwa hiyo kina wanunuzi. Wenye magari wengine huambiwa kinapunguza nguvu za injini, wakakubali kitolewe; wengine hutolewa chombo hicho bila kujua. Mahali pake huchomelewa kipande cha bomba, na taa ya onyo ya dashibodi huzimwa ili isisumbue. Tangu hapo gari hilo hutoa sumu mara nyingi zaidi ya lilivyotengenezwa kutoa. Likitoboka bomba, kinachoingia ndani si kile ambacho kingeingia siku lilipotoka melini.

Hapa ndipo ninapoona kosa la mfumo wetu. Kenya inahesabu umri wa gari, haihesabu hali yake. Chini ya kiwango cha KS 1515 cha shirika la viwango, KEBS, gari haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, na hukaguliwa huko linakotoka kabla ya kupakiwa. Sheria hiyo ni nzuri na imetukinga na mengi. Lakini ni mlango mmoja tu. Gari likishaupita, linaweza kuishi nchini miaka 15 au 20 zaidi. Magari ya abiria na ya biashara yanatakiwa kukaguliwa kila mwaka na mamlaka ya usalama barabarani, NTSA; ya binafsi yameachwa kwa hiari ya mwenyewe. Mwaka 2025 NTSA ilitoa rasimu ya kanuni za kutaka magari ya binafsi yaliyozidi miaka minne yakaguliwe pia, na kilio kikubwa kikawa ni gharama. Kilio hicho nakielewa. Ila gari la binafsi la Nairobi leo ndilo linalobeba abiria Shimoni kesho, likiwa na sahani za binafsi bado, na ukaguzi wa mwisho liliofanyiwa huenda ulikuwa Japani.

Katika safari hiyo ya kutoka mkono hadi mkono kila mmiliki ana sababu ya kunyamaza. Anayesikia moshi ndani ya gari lake akilalamika hadharani, bei inashuka. Njia rahisi ni kulisafisha, kulipaka marashi na kuliuza. Ndiyo maana nasema marashi yale ni hatari kweli kweli: yanaifuta alama pekee ambayo abiria angeitumia kujiokoa. Tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012, lakini mnunuzi wa gari kuukuu hutakiwa kutia saini karatasi inayosema amelichukua kama lilivyo, na wachache wana nguvu ya kwenda mbele. Marekani malalamiko 6,500 yalikusanyika mahali pamoja, yakasomwa, na magari yakarekebishwa hata pasipo amri. Kwetu malalamiko ni mengi tu. Yanaishia kwenye siti ya nyuma.

Si haki kuwalaumu madereva wa Shimoni peke yao. Nauli ya barabara ile haimtoshi mtu kununua silensa mpya, na fundi anayechomelea kiraka anafanya anachoweza kwa pesa aliyopewa. Kiraka cha bomba, mipira mipya ya mlango wa buti na kuziba matundu ya sakafu ni kazi ambazo gereji yoyote ya Msambweni au Ukunda inaziweza. Kinachokosekana ni mtu wa kuziamuru zifanywe. Kipimo cha kaboni monoksaidi ni kifaa cha kushika mkononi. Serikali ya Kaunti ya Kwale na NTSA wanaweza kukileta Kanana na gatini Shimoni mara chache kwa mwaka, wakayapima magari yanayobeba watu huku injini ikinguruma, bila kumpeleka dereva Mombasa kupoteza siku ya kazi. Zahanati ziongeze swali moja kwa mgonjwa wa kichwa asiye na malaria: umekuja kwa gari gani?

Na wewe unayevuka kutoka Mkwiro, ukisikia moshi ndani ya gari, mwambie dereva afungue madirisha yote, afunge buti, na asimame. Mkianza kuumwa vichwa zaidi ya mmoja, shukeni. Mwenye mimba na mtoto mdogo wasikae kiti cha nyuma cha gari hilo, hata kama ndilo la mwisho jioni hiyo.