Nyumba ya Ujiji Iliyo Katika Picha

Katika vitabu vingi vya historia imo picha ya Wazungu wawili wanaosimama wakielekeana, kila mmoja ameinua kofia yake. Nyuma ya mmoja wapo wapagazi na bendera ya Marekani. Upande wa pili wapo Waarabu wenye kanzu na vilemba. Na nyuma yao nyumba na miti. Hao ni Henry Morton Stanley na David Livingstone, na mji ni Ujiji, mwaka 1871.

Picha hiyo ilitiwa katika kitabu cha Stanley kilichopigwa chapa London mwaka 1872. Stanley alithibitisha kwamba habari zake alizitoa yeye mwenyewe, na kwamba ni sahihi kama iliyopigwa kwa kamera. Lakini haikupigwa kwa kamera. Ilichongwa Ulaya katika ubao, kisha ikatiwa wino na kupigwa chapa. Basi mtu apendaye kujua kweli hana budi kuifuata nyumba yenyewe.

Mwanafunzi wa Mwisenge aweza kuifuata njia hiyo katika ramani: kutoka Musoma hata Mwanza, kutoka Mwanza kwa njia ya reli hata Tabora, kisha magharibi hata Kigoma, na Ujiji si mbali na hapo. Sehemu ya njia hiyo yamhusu mtoto mmoja wa Mwisenge, Julius Nyerere, aliyeanza kusoma hapo mwaka 1934, na mwaka 1937 akaenda kusoma Tabora.

Afikaye Ujiji haioni nyumba. Ilikuwa tembe ya udongo, na udongo usiotengenezwa kila mwaka huliwa na mvua na mchwa. Lipo jiwe la ukumbusho, na ipo miembe iliyotokana na mwembe wa zamani ambao watu husema chini yake ndipo walipokutana. Hata ziwa limejitenga. Ufuko umerudi nyuma, na mgeni asimamapo penye jiwe hayaoni maji karibu kama walivyoyaona watu wa 1871.

Hata hivyo twaweza kuijua nyumba ile kwa maneno ya Stanley. Baada ya kusalimiana hawakubaki uwanjani. Livingstone alimwongoza mgeni wake mpaka barazani, chini ya upenu mpana, palipokuwa na kiti cha udongo kilichotandikwa ngozi ya mbuzi. Na ngozi nyingine ilitundikwa ukutani, ili mgongo usiguse ubaridi wa udongo. Hapo ndipo walipoketi wakaongea hata jioni. Pengine baraza hiyo ilistahili kuchorwa kuliko ule uwanja wa kuvuliana kofia.

Kuna jambo jingine ambalo picha haisemi. Mzee yule alikuwa katika dhiki kubwa. Alikuwa amerudi kutoka Nyangwe, mgonjwa na mwenye kuchoka, akitumaini kukuta mali zake Ujiji. Kumbe Sherifu aliyeaminiwa kuzitunza alikuwa amekwisha kuziuza zote. Nguo na shanga ndizo zilizokuwa fedha za safari siku zile, na asiye nazo hakuweza kununua chakula wala kuajiri wapagazi. Tena mtu wa kwanza kumlaki Stanley hakuwa Livingstone, bali mtumishi wake Susi, aliyetoka mbio katika umati akamsalimu kwa Kiingereza, kisha akarudi mbio kumpasha bwana wake habari. Ama maneno mashuhuri ya Stanley, Livingstone hakuyaandika. Na katika shajara ya Stanley kurasa za mkutano ule zimechanwa.

Atakaye kuona nyumba iliyowahifadhi wote wawili na arudi nyuma mpaka Kwihara, maili chache kutoka Tabora. Hapo ipo tembe kubwa yenye kuta nene na ua ndani, iliyotengenezwa tena na kufanywa nyumba ya makumbusho. Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871, njia ya Ujiji ilipofungwa na vita vya Mirambo. Mwezi wa Februari 1872 akarudi pamoja na Livingstone. Stanley alimsihi waende zote Ulaya, naye akakataa, maana alitaka kwanza kujua chanzo cha mto Naili. Tarehe 14 Machi Stanley akaondoka. Mzee akabaki zaidi ya miezi 5 akingoja watu kutoka pwani, hata Agosti akafunga safari ya kusini.

Alikufa mwaka 1873 kwa Chitambo. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Susi na Chuma na wenzao walifika Unyanyembe wakiwa wamebeba maiti yake iliyokaushwa. Luteni Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone, aliwashauri wamzike papo hapo. Wakakataa, wakaibeba mpaka Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874.