Busia Ipi? Kurejelea Vyanzo katika Makala ya Jarida

Miongoni mwa mambo yanayochelewesha makala kukubaliwa na majarida ya kitaaluma, marejeleo yako mstari wa mbele. Mara nyingi hoja ni nzuri na data imekusanywa kwa jasho, lakini mhariri anapofika ukurasa wa mwisho hukuta vyanzo visivyo na mwaka, majina yaliyogeuzwa, na kazi zilizotajwa ndani ya matini ambazo hazimo katika orodha. Katika makala haya tunaeleza kanuni za msingi za urejeleaji. Mifano yetu mingi tumeichota Busia na Tororo, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwa kuwa eneo hilo linaonyesha wazi kwa nini kanuni hizo zipo.

Kwa nini turejelee?

Wanafunzi wengi hudhani kwamba tunarejelea ili tusishtakiwe kwa wizi wa kitaaluma. Hilo ni kweli, na njia ya mwongo ni fupi. Lakini sababu kubwa zaidi ni kumwezesha msomaji kukifikia chanzo na kukihakiki mwenyewe.

Tuchukue mfano. Mwaka 2004 Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha katika jarida la Econometrica utafiti kuhusu dawa za minyoo katika shule za msingi 75 wilayani Busia, Kenya. Walieleza kwamba utoro ulipungua kwa robo katika shule zilizopewa dawa, na matokeo hayo yakanukuliwa sana katika mijadala ya sera za elimu na afya. Mwaka 2015 Aiken na wenzake, waliopewa data ileile na kuichambua upya, walieleza katika International Journal of Epidemiology kwamba kulikuwa na makosa ya ukokotoaji, hasa kuhusu faida iliyodaiwa kuzifikia shule jirani. Miguel na Kremer, pamoja na Hicks, walijibu katika jarida hilohilo wakitetea hitimisho lao.

Basi mwandishi anayesema tu kwamba “utafiti umeonyesha kuwa dawa za minyoo hupunguza utoro” amemfungia msomaji mlango. Anayetaja kazi ya 2004 na zile za 2015 amempa nafasi ya kupima mwenyewe.

Ndani ya matini

Kuna mifumo miwili mikuu. Wa kwanza ni wa namba, unaotumiwa sana katika tiba. Mtindo wake maarufu, Vancouver, ulipata jina kutokana na mkutano wa wahariri uliofanyika katika mji huo wa Kanada mwaka 1978. Wa pili ni wa mwandishi na mwaka, nao ndio uliozoeleka katika isimu na fasihi ya Kiswahili. Katika mfumo huu tunaandika (Chiraghdin na Mnyampala 1977), na tunaponukuu maneno yenyewe tunaongeza ukurasa. Waandishi wakiwa watatu au zaidi, majarida mengi hutaka jina la kwanza tu, yaani (Massamba na wenzake 1999), ingawa katika orodha wote hutajwa.

Katika orodha

Kitabu huandikwa hivi:

Chiraghdin, S. na Mnyampala, M. (1977). Historia ya Kiswahili. Nairobi: Oxford University Press.

Makala ya jarida huandikwa hivi:

Miguel, E. na Kremer, M. (2004). “Worms: Identifying Impacts on Education and Health in the Presence of Treatment Externalities.” Econometrica 72(1): 159–217.

Katika mfano wa pili, 72 ni juzuu, 1 ni namba ya toleo, na tarakimu zinazofuata ni kurasa. Jina la kitabu au la jarida huandikwa kwa herufi za mlazo. Jina la makala halilazwi. Mitindo hutofautiana. Kwa mfano, toleo la 7 la mwongozo wa APA, lililotoka 2019, limeacha kudai mji wa uchapishaji, ilhali majarida mengine bado yanaudai. Kwa hiyo anza kwa kusoma maelekezo ya jarida unalolikusudia, kisha ufuate mtindo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho.

Majina ya watu

Kanuni ya kutanguliza jina la mwisho haitoshi. Huko Uganda watu wengi huanza na jina la ukoo, kisha la dini. Tuseme jalada la tasnifu kuhusu Tororo limeandikwa “Owor Peter”. Mwanafunzi anayegeuza bila kufikiri ataandika “Peter, O.”, na msomaji hataipata tasnifu hiyo maktabani. Kwa upande mwingine, Shaaban Robert huorodheshwa chini ya Robert, ingawa hilo ni jina la baba yake, kwa sababu ndivyo desturi ilivyokaa. Tahajia nayo ichungwe: J. C. D. Lawrance, aliyeandika kitabu The Iteso mwaka 1957, ni rahisi kumgeuza akawa “Lawrence”.

Majina ya mahali

Hapa ndipo penye mitego mingi. Kuna mji wa Busia upande wa Kenya na mwingine wa jina hilohilo upande wa Uganda. Anayeandika “data ilikusanywa Busia” hajasema kitu. Tena mipaka ya kiutawala imebadilika. Wilaya ya Busia nchini Uganda ilimegwa kutoka Tororo mwaka 1997. Kwa hiyo chapisho la kabla ya hapo laweza kuwazungumzia Wasamia wa Uganda chini ya jina la Tororo, na la zamani zaidi chini ya Bukedi. Upande wa Kenya, wilaya ya Busia ikawa kaunti chini ya Katiba ya 2010.

Mfano ulio wazi zaidi ni kitabu cha C. W. Hobley kilichotoka London mwaka 1902, Eastern Uganda: An Ethnological Survey. Jina linasema Uganda Mashariki, lakini jamii nyingi zinazoelezwa humo leo ziko Kenya magharibi, kwani mwaka huohuo eneo hilo lilihamishwa kutoka Uganda na kutiwa chini ya utawala wa Afrika Mashariki ya Kiingereza, ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Je, mwandishi afanye nini? Katika orodha asibadilishe hata herufi moja, kwa maana kitabu kinatafutwa kwa jina lake lilivyochapishwa. Ufafanuzi autie ndani ya matini. Vivyo hivyo, kitabu cha Lawrance kinawaita Waiteso “Nilo-Hamitic”, istilahi ambayo wanaisimu wameiacha. Jina la kitabu libaki lilivyo, lakini katika maelezo yetu tuseme kwamba Kiteso ni lugha ya Kiniloti cha Mashariki.

Vyanzo vya mdomo

Anayetafiti lugha mpakani hutegemea mahojiano. Mtindo wa APA hutaka mahojiano binafsi yatajwe ndani ya matini tu, ilhali ule wa MLA huyaweka katika orodha. Kwa vyovyote, taja tarehe, mji na nchi. Ila jina la mtu litajwe kwa ridhaa yake tu. Mama anayepitisha bidhaa kwa njia za panya aweza kuumia akitajwa. Yatosha kusema “mfanyabiashara, mwanamke, Busia, Uganda”.

Kabla ya kutuma

Programu kama Zotero husaidia kupanga orodha, lakini haziwezi kujua kwamba Owor ndilo jina la ukoo. Chapa mswada wako, pigia alama kila chanzo kilichotajwa katika matini, kisha kihakikishe katika orodha, na ufanye hivyo kinyume chake pia. Mwisho, mpe mwenzako orodha hiyo na umwombe atafute vyanzo vitatu maktabani. Asipovipata, usimlaumu yeye wala mkutubi. Irudie orodha yako.