Koma na Nukta: Kagua Faili Kabla ya Kulipa Watu Wengi

Je, unalipa vibarua, madereva au wanachama wa chama kwa kupakia faili moja? Basi soma hii kabla ya malipo yajayo.

Hapa Kenya tunaandika 12,500.00. Koma inatenga maelfu, nukta inatenga senti. Uholanzi, ambako maua mengi ya Naivasha huuzwa, ni kinyume: wao huandika 12.500,00. Sasa chukulia faili ya mishahara imetayarishwa kwenye kompyuta iliyowekwa mtindo wa Uholanzi, kisha ikapakiwa kwenye mfumo unaofuata mtindo wetu. 12.500 itasomwa kuwa shilingi 12 na senti 50. Kibarua aliyengoja mwisho wa mwezi hata nauli ya kutoka Naivasha hadi Nakuru hapati. Na 850,50 ikitolewa koma inageuka 85,050. Hapo pesa imetoka, na kuirudisha ni shida, hasa kama aliyeipokea ameshaitoa kwa ajenti.

Hata kama huna shughuli na Uholanzi, jihadhari. Faili ya CSV hutumia koma kutenga safu. Ukiandika 12,500 kwa mkono bila alama za kunukuu, mfumo unaona 12 kwenye safu moja na 500 kwenye safu inayofuata.

Namba za simu nazo zina mambo yake. Excel hudhani 07 ni hesabu, kwa hivyo hufuta sifuri ya mwanzo. Namba ndefu inayoanza na 254 inaweza kugeuka kitu kama 2.547E+11. Ukihifadhi CSV ikiwa hivyo, tarakimu zilizofichwa zimepotea kabisa.

Kabla hujabonyeza kutuma:

1. Andika kiasi bila koma: 12500. Nukta ni ya senti pekee.
2. Geuza safu ya simu iwe ya maandishi kabla ya kubandika namba, si baadaye.
3. Fungua CSV kwa Notepad uone kilichomo kweli. Excel inaweza kukibadilisha tena.
4. Linganisha idadi ya watu na jumla ya pesa na daftari lako. Jumla isipolingana, simama hapo hapo.
5. Kama faili ni mpya, lipa mtu mmoja kwanza, mpigie uhakikishe, ndipo uwalipe wengine.

Ukaguzi huu ni wa dakika chache tu. Kumtafuta mtu usiyemjua akurudishie pesa kunaweza kuchukua wiki.