Kodi Haimjengei Mpangaji

Hapana mkazi wa mjini asiyeujua uzito wa kodi ya nyumba. Mpangaji mwenye kipato kidogo, aingiapo katika chumba, aghalabu hutakiwa atoe fedha za miezi sita, au za mwaka mzima, kwa mkupuo mmoja. Fedha hizo huzihangaikia, akazipata, akazilipa. Na muda ukiisha huzihangaikia tena. Lakini mtu huyo huyo akienda kuomba mkopo wa kujengea, huambiwa kwamba hana dhamana wala mshahara wa kuaminika. Basi twauliza: mtu aliyelipa kodi kwa miaka ishirini amethibitishaje kuwa hawezi kulipa? Ukweli ni kwamba nyumba amekwisha kuinunua, ila ameinunua kwa jina la mwingine.

Jambo hili si geni, wala si kweli kwamba halikupata kushughulikiwa. Mwaka 1962, Uhuru ukiwa mchanga, serikali ya Tanganyika iliunda Shirika la Nyumba la Taifa. Katika Dar es Salaam, vibanda vya miti na udongo vilibomolewa katika mitaa kama Magomeni, na mahali pake zikajengwa nyumba za saruji. Kazi hiyo ilikuwa ya heshima, lakini ilikuwa na kasoro moja: kilipobomolewa kibanda ikajengwa nyumba, hesabu ya nyumba haikuongezeka, hali watu wa mjini waliongezeka kila siku.

Katika miaka ya 1970 njia ikabadilishwa. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, viwanja vilipimwa, barabara na mabomba ya maji yakapelekwa, na wananchi wakaachiwa kazi ya kujenga wenyewe. Ndiyo asili ya Sinza na Kijitonyama tuzijuazo. Benki ya Nyumba, iliyoanza mwaka 1973, nayo ikakopesha wajenzi. Lakini viwanja vingi vilivyokusudiwa mnyonge viliishia mikononi mwa wenye uwezo, na benki yenyewe ikasimama mwaka 1995. Fundisho lake ni dhahiri. Nyumba ya bei nafuu isiyo na chombo cha kuilinda humkimbilia mwenye fedha, kama maji yakimbiliavyo bondeni.

Chombo hicho ni kipi? Sisi twaamini kuwa ni umoja wa wahitaji wenyewe, na mfano tunao hapa hapa. Eneo la Kurasini lilipotakiwa kwa ajili ya upanuzi wa bandari, wakazi wengi walihamishwa. Mwenye nyumba katika hali kama hiyo huwa na la kudai. Mpangaji hana ila mkeka wake na masufuria yake. Baadhi ya waliohamishwa walikuwa wanachama wa shirikisho la wakazi maskini wa mijini, waliokuwa wakiweka akiba ndogo ndogo katika vikundi. Wakisaidiwa na shirika la CCI, walinunua ekari 30 huko Chamazi, wakajifunza kufyatua matofali ya kufungamana, wakaanza kujenga. Nyumba ziliwekewa ramani ya kukua: mtu aanze na chumba, aishi humo, kisha aongeze kadiri ya nguvu zake.

Wala fikra hii si ya nchi moja. Mwaka 1973 Millard Fuller na mkewe Linda walitoka Marekani wakaenda Mbandaka, katika Zaire ya wakati huo, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko walijaribu mpango ambao familia hujenga pamoja na wasaidizi, hukopeshwa bila riba, na malipo yao huingia katika mfuko wa kuwajengea wengine. Waliporudi kwao mwaka 1976 waliunda shirika la Habitat for Humanity, ambalo sasa lafanya kazi katika nchi nyingi za dunia. Yafaa tukumbuke kwamba fikra hiyo ilijaribiwa kwanza kwa ukubwa katika ardhi ya Afrika, na watu wa Mbandaka.

Katika mifano hiyo miwili mnyonge hakupewa sadaka. Alitoa akiba yake na jasho lake, na alikopeshwa kwa masharti anayoyaweza. Aidha, shilingi aliyoirudisha haikwenda kumnenepesha mtu. Ilikwenda kuezeka paa la jirani yake. Kwa sababu hiyo mwanachama huona haya kutolipa, maana anajua ni nani anayesubiri.

Hatusemi kwamba njia hii haina miiba. Chamazi ni mbali na bandari, na aliyezoea kupata riziki Kurasini, awe mama lishe au mchukuzi, hupata nyumba akapoteza wateja. Asiye na kipato hawezi kurudisha mkopo, hata awe mwaminifu namna gani. Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Nyumba iliyo mbali na kazi, maji na shule ni mlango mzuri tu.

Kwa hiyo twatoa rai. Kwanza, halmashauri zipimapo viwanja zitenge sehemu kwa ajili ya vyama vya ushirika vya nyumba, karibu na mahali penye kazi, na ziweke sharti kwamba kiwanja hicho kisiuzwe nje ya chama kwa muda maalumu. Pili, mabenki yaiheshimu akiba ya kikundi kuwa dhamana. Tatu, jina la mke liandikwe kwenye hati pamoja na la mume, kwani Sheria ya Ardhi ya 1999 imekwisha kutamka kuwa haki ya mwanamke katika ardhi ni sawa na ya mwanamume. Nne, na hili ni la wanachama wenyewe, hesabu zisomwe hadharani kila mwezi, na asiyelipa aulizwe mapema kabla deni halijawa mlima.

Serikali nayo isijitoe. Mwaka 2022 zilifunguliwa nyumba za Magomeni Kota kwa ajili ya familia 644 za wakazi wa zamani wa mahali pale, na jambo hilo ni la kupongezwa. Lakini 644 ni tone katika jiji lenye mamilioni ya watu. Serikali itoe ardhi, barabara na maji. Wananchi watoe akiba na mikono. Kila upande ukitimiza wajibu wake, mpangaji wa leo ataacha kumjengea mwingine, na kodi anayoilipa itageuka kuwa tofali katika ukuta wa wanawe.