Andika kilichoandikwa: jinsi tulivyonakili daftari la sensa la kijiji



Mzee mmoja jirani yetu alituletea simu ya mtoto wake. Ndani mlikuwa na picha 38 zilizotumwa na ndugu aliyebaki upande wa Fizi. Zilikuwa kurasa za daftari la kuhesabia watu wa kijiji, la wakati wa Wabelgiji, mwaka 1956. Macho ya mzee yamechoka, hasomi tena. Akatuambia: "Bana bangu, humu ndani iko baba yangu, iko na mama yangu. Muniandikie vizuri mbele nikufe."

Tuliona ni kazi ndogo. Tuko watu watano, jioni tatu tutamaliza. Kumbe! Jioni tatu zilipita, tukafuta yote, tukaanza upya. Katika toleo hili tunawaeleza tulikosea wapi, maana familia nyingi hapa kambini ziko na karatasi za namna hii: vitabu vya kitambulisho vya babu, kadi za ubatizo, orodha za kijiji zilizovuka ziwa ndani ya mfuko wa nailoni.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Wengine watauliza, si serikali zinafanya sensa? Ni kweli. Burundi imehesabu watu mwaka 1979, 1990, 2008 na 2024. Kongo, wakati ikiitwa Zaire, ilihesabu mwaka 1984. Lakini sensa hizi zinatangaza idadi ya watu. Majina yanabaki siri. Hata Marekani majina ya sensa hufungwa miaka 72. Yale ya mwaka 1950 yalifunguliwa Aprili 2022. Kwa hiyo mtu wa kwetu anayetafuta jina la babu yake, tegemeo lake ni daftari la kijiji au karatasi ya nyumbani. Nayo karatasi inaliwa na mchwa, na simu inaibiwa.

KOSA LETU

Mwenzetu mmoja anaandika haraka na anajua Kifaransa. Tulimwachia kazi. Yeye, kwa nia njema kabisa, akawa anasahihisha. Karani ameandika "Loukanga", yeye anaandika Rukanga. Karani ameandika "Albertville", yeye anaandika Kalemie. Palipofifia, akakisia.

Jioni ya tatu akaja bibi mmoja na kadi ya ubatizo ya mama yake. Alimtafuta baba yake katika orodha yetu. Tukamsomea akina Rukanga wawili. Akatikisa kichwa: "Hapana baba, hawa si wangu. Bibi zao siwajui." Akaenda zake. Usiku ule tulirudia picha tukiwa na nakala ya ile kadi mkononi. Picha ya 21, mstari wa 9: Loukanga, mke wake, watoto wa kike wawili. Mwenzetu alikuwa ameruka mstari. Kwa kalamu yetu wenyewe tulikuwa tumeifuta nyumba nzima.

NJIA TUNAYOFUATA SASA

Mwaka 2012 Marekani ilipofungua sensa ya 1940, yenye majina kama milioni 132, watu wa kujitolea waliyanakili kwa muda wa karibu miezi minne. Siri yao ni kwamba kila ukurasa ulinakiliwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, halafu mtu wa tatu akaamua pale walipopishana. Nasi tumeiga hivi:

1. Kwanza mpe kila picha namba. Usianze kuandika kabla ya hapo, utapotea.

2. Chora daftari lako kwa safu zilezile za karatasi ya zamani. Ongeza safu tatu: namba ya picha, namba ya mstari, na maelezo yako.

3. Mmoja asome, mwingine aandike. Msomaji aweke rula au kipande cha karatasi chini ya mstari anaosoma. Majina magumu ayataje herufi moja moja.

4. Kundi la pili linakili ukurasa uleule bila kuona kazi ya kundi la kwanza. Mtu wa tano alinganishe.

5. Andika kilichoandikwa, hata kama unajua ni kosa. Ukiwa na la kusema, weka kwenye safu ya maelezo.

6. Usiposoma neno, weka alama ya kuuliza, uendelee. Ukifika ukurasa wa kumi utakuwa umezoea mkono wa karani, utarudi na kulisoma bila shida.

7. Mkichoka, lala. Macho yaliyochoka ndiyo yanayoruka mistari.

Kwa njia hii tulifanya picha nne kila jioni. Zote 38 zilikwisha kwa jioni kumi. Utaona ni polepole, lakini hatukurudia tena.

MITEGO YA KUANGALIA

Herufi: makarani wa Kifaransa waliandika "ou" mahali pa u, "tsh" mahali pa ch, "dj" mahali pa j. R na L hubadilishana kutoka kijiji kimoja hadi kingine. N na u za mkono hufanana. Namba 1 yenye mkia mrefu hufanana na 7.

Vifupisho: "vve" ni mjane wa kike. "Dcd" ni marehemu. "Idem" ni kama hapo juu. Usiiache tupu, andika "idem" na pembeni weka jina linalorudiwa. "Vers 1921" ni karibu na mwaka 1921, si 1921 kamili. Hata sisi wengi wetu kadi zinasema tumezaliwa 01/01. Tunajua wenyewe maana yake: siku haikujulikana.

Mahali: Usumbura ya zamani ndiyo Bujumbura. Kivu iligawanywa mwaka 1988 kuwa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Burundi ilikuwa na mikoa 18, na mwaka 2025 ikawa mitano. Makamba na Rutana sasa zimo ndani ya Burunga. Ukiandika jina la leo peke yake, mjukuu wako hatajua karatasi ilisema nini.

Majina: mwaka 1972 Mobutu alikataza majina ya Kikristo. Aliyebatizwa Maria akaonekana kwenye karatasi za Zaire kwa jina la kikwao tu. Na kwa Warundi, baba na mtoto mara nyingi hawashiriki jina. Msiseme "huyu si mtoto wake" kwa sababu majina hayafanani.

TAHADHARI

Nakala yako ni ya familia. Si hati ya serikali, usiipeleke ofisini kama hati. Usiandike wala kupiga chochote juu ya karatasi ya asili. Majina na kabila za watu si za kusomwa sokoni. Mwenye karatasi ndiye anayeamua nani aone. Na akija mtu kukudai hela ili akutafutie ndugu, mkatae. Msalaba Mwekundu hutafuta ndugu waliopotezana bila malipo.

YULE BIBI

Tulimfuata nyumbani na picha ya 21. Tukamsomea baba, mama, yeye mwenyewe, halafu mdogo wake. Akanyamaza. Mdogo wake alilelewa na shangazi, na bibi alimjua kwa jina la ubatizo tu. Walipotezana katika vita ya mwaka 1996. Miaka yote hii alikuwa akimtafuta kwa jina ambalo huenda halikuwa kwenye karatasi yoyote.

Sasa majina yote mawili yako kwenye fomu ya kutafutia ndugu, pamoja na ya baba, ya mama na ya kijiji. Jibu bado. Hatujui kama yuko hai. Lakini sasa anatafutwa kwa jina lake.

Mzee naye amepata daftari lake. Kila jioni mjukuu anamsomea ukurasa mmoja, naye anasimulia nani alikuwa fundi wa mitumbwi na nani alikuwa na maneno mengi. Mjukuu anaandika hayo pia, kwenye safu ya maelezo.

Wenye karatasi za zamani, tokeni nazo ndani. Njooni na daftari na rula, tutawaonyesha.