Mabati, Dari na Joto la Nyumba Zetu

Mtu atokaye zamu ya usiku kiwandani Masoro, akajaribu kulala saa nane mchana chini ya bati lisilo na dari, hahitaji kuelezwa joto ni nini. Na mchuma chai wa Mulindi, aamkaye alfajiri huku bati la namna ile ile likimdondoshea matone ya maji, hahitaji kuelezwa baridi. Yafaa tuelewe kwa nini bati moja laleta mashaka yote mawili, na kwa nini dawa yake ichaguliwe kwa makini.

Bati ni chuma, tena jembamba, hata milimita moja halifiki. Jua likilipiga, joto hupita mara moja na kushuka ndani. Usiku joto la chumba hupotea kwa njia hiyo hiyo, na mvuke wa pumzi zetu ukigusa bati la baridi hugeuka maji. Kinachozuia joto hasa ni hewa iliyotulia. Blanketi hututia joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake, na paa la nyasi lilifanya kazi hiyo hiyo. Katika 2010 na 2011 serikali ya Rwanda iliendesha kampeni ya kuondoa nyakatsi, yaani nyumba za nyasi, na familia zaidi ya 100,000 zikahusika. Nyasi zilivuja, zilishika moto, zilifuga wadudu, sisi hatuzililii. Lakini pamoja nazo blanketi la nyumba liliondoka, na mara nyingi halikuwekwa lingine.

Huko Ulaya nyumba hupewa daraja kwa herufi, kuanzia A iliyo bora mpaka G iliyo mbovu, na mpangaji huonyeshwa cheti kabla ya kukodi. Rwanda nayo, mwaka 2019, iliongeza katika kanuni za ujenzi masharti ya majengo yasiyoharibu mazingira, na jengo hupewa pointi kwa matumizi ya umeme, maji, hewa ya ndani na mengineyo. Masharti hayo yalilenga hasa majengo makubwa. Kipo pia cheti cha EDGE, cha Shirika la Fedha la Kimataifa lililo chini ya Benki ya Dunia: jengo lapaswa kuokoa angalau asilimia 20 ya nishati na ya maji kuliko jengo la kawaida la mahali hapo, na vifaa vyake vya ujenzi pia hupimwa.

Ni kazi nzuri. Lakini vipimo hivyo vyaelekea zaidi kwenye ghorofa lenye mashine za kupozea hewa. Nyumba ya mfanyakazi ina taa mbili na simu. Umeme wa kuokoa hapo ni mdogo sana. Hasara yake iko katika usingizi, katika kikohozi cha watoto, na katika makaa. Kigali iko mita zaidi ya 1,500 juu ya bahari, na usiku huwa na baridi, sembuse milima ya chai. Wako wanaoingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Msifanye hivyo kamwe. Sumu ya makaa haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Sasa dawa. Dari yoyote iliyoshikana vizuri, yenye nafasi ya hewa kupita kati yake na bati, hupunguza sana joto la mchana. Mikeka ya mafunjo yafaa, mradi ikae mbali na jiko na nyaya za umeme. Rangi nyeupe juu ya bati hurudisha sehemu ya jua angani. Mwenye fedha aweza kuweka pamba ya mawe.

Kuhusu povu gumu la kiwandani, ulizeni kwanza. Baadhi ya mapovu hutengenezwa kwa gesi za HFC, ambazo huvuja polepole. Kilo moja ya ile iitwayo HFC-134a hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa kwa muda wa miaka 100. Ni katika mji wetu huu, tarehe 15 Oktoba 2016, mataifa yalipokubaliana kupunguza gesi hizo, katika Marekebisho ya Kigali ya Mkataba wa Montreal, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Ingekuwa kichekesho nyumba za Kigali zipozwe kwa gesi hizo hizo. Tena povu likiungua hutoa moshi wa sumu.

Na asbesto tusiisahau. Ilisifiwa zamani kuwa haiungui wala haipitishi joto upesi kama bati. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu, pengine miaka 30 baadaye. Mfanyakazi akiamriwa kushusha paa la namna hiyo asilivunje wala asilitoboe, na adai kinyago maalumu na maji ya kulilowesha kabla hajapanda ngazi.

Kwa makazi yatolewayo na mwajiri, maneno "nyumba bora" katika mapatano ya pamoja hayatoshi, kwa kuwa bati jipya nalo laitwa bora. Wajumbe waandike kama kuna dari, imetengenezwa kwa kitu gani, ina unene gani, na nani ataitengeneza ikichakaa.